Tuliyemwitikia Jumuiyani

Calvin Wilbroad,
Maisaka, Babati.
16 Juni 2025

Mpendwa dada Jovita,

Shikamoo. Habari za Masasi na joto lake? Kifua kimepona? Mtoto ameshaota meno? Sisi huku wazima, ila baridi imetukamata vibaya. Bibi anavaa masweta yote aliyo nayo na bado anauliza nani kaacha mlango wazi. Moja halioni. Limo ndani ya spika yangu, nimelijaza humo ili sauti isivume.

Najua unacheka, eti Calvin kaandika barua! Simu ipo, lakini nilicho nacho hakifai kupita kwenye simu. Kaa chini kwanza ndiyo usome.

Unakumbuka ulivyonicheka nikiokota spika mbovu? Basi sasa zinaongea. Nilizichomoa kwenye gari bovu pale gereji, nikapata amplifaya ndogo ya mtumba na deki ya kaseti, maboksi nikayapigilia mwenyewe kwa mbao za kitanda cha zamani. Shule ilinichoka kidato cha pili, ila masikio yangu yana digrii. Jirani yetu Filbert ana sabufa kubwa kama friji. Akiiwasha vyombo vinacheza kabatini, lakini maneno ya wimbo huyasikii. Zangu nimeziinua juu ya vigoda, zimeachana, zimetoka ukutani. Ukikaa katikati unasikia hadi mwimbaji anavyovuta pumzi.

Bibi hakutaka kusikia habari hizo. Alisema Jumamosi jumuiya inasali kwetu, na wakishaondoka tu masanduku yangu ya spika yahamie bandani kwa mbuzi. Nikaona nafasi yangu ya mwisho ndiyo hiyo. Nikafukua sanduku lake la nguo, nikapata kaseti kuukuu, haina hata maandishi, ila ya Bibi itakuwa ya kwaya tu. Ilikuwa imelala humo tangu redio yake ilipoanza kutafuna mikanda. Nikasema asubuhi watu wakikusanyika, niwalainishe na nyimbo za zamani.

Dada, sijui niandikeje.

Watu walikuwa wameshakaa, wameinamisha vichwa. Nikabonyeza. Hakikuja wimbo. Kikaja kikohozi kidogo, halafu mwanamke akasema, wazi kabisa, kama amesimama mlangoni:

"Tumsifu Yesu Kristo!"

Sebule nzima ikaitikia: "Milele na milele, amina!" Hata mimi niliyebonyeza! Mama Blessing akasogea kwenye benchi kumpisha mgeni. Na Bibi, bila kuinua kichwa, akasema: "Karibu Kornelia, pita ndani."

Kornelia. Mama yako, dada. Aliyezikwa wewe ukiwa bado unabebwa mgongoni.

Wote tukageukia mlango. Pazia tu. Mzee Amedeus, mwenyekiti wa jumuiya, rozari ikamdondoka, akafoka:

"Calvin, zima hiyo kitu!"

Bibi akasimama bila fimbo. "Thubutu uzime, utanitambua!"

Ngoma ikaingia, kwaya ikapokea, na sauti ya Kornelia juu yao wote. Mama yangu alikuwa ameziba mdomo kwa kitenge. Hakuna aliyesali, na hakuna aliyetoka.

Mimi sikuwahi kumwona mama mkubwa, lakini sauti ile naijua. Ni yako. Vile unavyopandisha mwisho wa neno ukinigombeza, ndivyo hivyo hivyo. Miaka yote umeuliza mama yako alikuwa anaongeaje, Bibi anakujibu "vizuri tu", kumbe sisi tunaisikia kila ukipiga simu! Na kwenye spika ya kushoto, mbali kidogo, kuna mtoto analia. Bibi anasema ni wewe.

Mpaka sasa nikibonyeza nageukia mlango kwanza, mimi nisiyeogopa hata fisi. Masanduku hayajatoka. Bibi anaweka kigoda chake katikati kabisa, wala sikumfundisha. Habari ya sweta ameshaijua. Amesema libaki huko huko.

Kijana mmoja wa stendi amenihamishia kaseti kwenye flashi, imo humu kwenye bahasha. Usiisikilize kwenye simu, nakuonya! Tafuta spika mbili, hata za bei ya chee. Ziinue, ziachanishe, kaa katikati, mpakate mtoto.

Bibi Benadetha anakusalimu sana, na Mama, na Mzee Amedeus, ambaye sasa anapita kwetu kila siku akisema ameacha kofia. Mungu akufunike wewe na mwanao.

Mdogo wako akupendaye hata ukimcheka,
Calvin

Nimesahau: akikusalimu, usikae kimya. Itikia.