Nimewadanganya Wachuuzi Ili Nimkomoe Wilfred

Mpendwa mshauri Bi Yasmini, shikamoo. Naomba msaada wako nikiwa nimefura kwa hasira, na usiponijibu mapema nitafanya jambo baya kuliko hili nililokwisha kulifanya. Naitwa Elida, nina miaka ishirini na miwili, naishi Rusimbi, nasoma kozi ya kompyuta mwaka wa pili katika chuo kimoja hapa mjini, na pia naendesha baiskeli ya mashindano, na ndiyo, mimi ni msichana, naomba na wewe usinishangae maana wa kunishangaa wameshatosha.

Kila alfajiri kukipambazuka natoka kufanya mazoezi, napita mialo wanakoshusha samaki ya Ujiji, Katonga na Kibirizi, na kila nilipopita wale mama wachuuzi walikuwa wananiuliza, "Elida, huko utokako dagaa wapo?" kwa sababu mtu anaweza kubeba beseni mpaka Katonga akute mchanga mtupu kumbe samaki wote wameshushwa Kibirizi, basi hapo ndipo nilipopata wazo, nikakaa miezi minane nikaandika programu ya simu, nikawa kila asubuhi nasimamisha baiskeli, nauliza bei, naiingiza, na wachuuzi zaidi ya mia mbili wanaisoma kabla hawajatoka nyumbani. Wilfred tunasoma darasa moja, alikuja mwishoni kabisa kupanga rangi na picha, nami nilimkaribisha kwa sababu yeye ni msemaji na mimi mbele za watu ulimi unaniwia mzito.

Mwezi uliopita chuo kikaandaa siku ya wabunifu, ikaangukia Jumamosi ileile ya mbio za Kigoma hadi Kasulu, nikamwambia Wilfred, naye akaniandikia kwenye simu, "Nenda kakimbize baiskeli, dada, nitawasilisha kwa niaba yetu wawili." Nikaenda. Nimepanda vile vilima mpaka nimetapika, nimemaliza wa pili kwa wanawake, nikawasha simu niwape watu habari njema, ninachokutana nacho ni picha ya Wilfred kashika tuzo na chini yake imeandikwa mbunifu pekee.

Jumatatu nikamuuliza mbele ya darasa zima, "Wilfred, jina langu liko wapi?" Akatabasamu, Bi Yasmini, alitabasamu! "Elida, wewe ni mtu wa baiskeli. Ulipohitajika ulikuwa porini unakanyaga pedali. Kazi hii inataka mtu aliyetulia." Nikaenda kwa Mwalimu Pastory anayesimamia miradi yetu, hata macho hakuyainua, akasema, "Binti, mshika mbili moja humponyoka. Chagua."

Sasa nakuja kwenye kosa langu. Alhamisi iliyopita Wilfred alikuwa anawapeleka wageni kutoka Dodoma waione programu ikifanya kazi pale Katonga, na mimi bado nina neno la siri, na nilishapita nikaona Katonga nyavu zimerudi tupu na samaki wote wako Kibirizi, nikaandika kinyume chake, kwamba Katonga dagaa na migebuka wamejaa, bei chee, Kibirizi hakuna kitu. Kisha nikasimama juu barabarani nikitazama. Wachuuzi wakafika na mabeseni, kama sitini hivi, wakakuta mchanga, wakamgeukia Wilfred mbele ya wageni wake, "Mwongo ndiye huyu!" naye jasho linamtiririka, nami nikacheka mpaka nikashikilia usukani nisianguke. Halafu nikamwona Mama Marsiana kakaa juu ya beseni lake kaligeuza. Huyu mama amekuwa akininywesha chai asubuhi miezi yote hiyo bila kutaka hata senti, na siku ile alikuwa ameahidi samaki kwa hoteli aliyoiuzia miaka sita, na hoteli imeshachukua mtu mwingine. Aliponiona akaniita kwa Kiha chake, "Yewe Elida mwanangu, mimi simu siziamini. Niliiamini ile kwa kuwa ni yako." Nikapanda baiskeli nikakimbia.

Jumatano ijayo chuo kinakaa kumtafuta aliyeingiza uongo. Baba anasema uuzwe ule mkweche wa baiskeli. Mimi nataka kuifuta programu yote, ni amri moja tu, Wilfred abaki na picha yake. Nifute? Ninyamaze? Niache baiskeli au niache kompyuta?

Elida, Rusimbi

Elida,

Marahaba. Huyo Wilfred ni mwizi na sitamtafutia neno laini. Na mwalimu anayemjibu mwanafunzi aliyeibiwa kwa methali, bila kuinua macho, amekula mshahara wa bure siku hiyo. Hasira yako ni ya haki.

Ila kwa nini umewachapa wasiohusika? Wilfred alitoka jasho, akaenda kuoga, yakaisha. Mama Marsiana amepoteza mteja wa miaka sita. Kati ya wawili hao, nani alikuibia? Na ulicheka! Nimesoma barua yako mara mbili, na mara zote mbili nimetaka kukushika sikio.

Sasa kaa chini unisikilize. Unaniuliza uache baiskeli au kompyuta. Mwanangu, bila ile baiskeli hiyo programu ungeiwazia wapi? Wilfred ameshawahi kufika Kibirizi alfajiri? Basi usiache chochote, na baba yako mwambie kwa adabu kwamba mkweche huo ndio uliokupa hiyo programu. Ulichokosea si kwenda Kasulu. Ulikosea kumkabidhi mtu mmoja kazi ya miezi minane na kumwachia aseme atakavyo.

Umesema alikuandikia "kwa niaba yetu wawili". Unalia na ushahidi umeukalia! Uchapishe ujumbe huo. Chapisha na kumbukumbu za bei ulizoingiza kila asubuhi, tarehe na saa, pamoja na mafaili ya mwanzo kabla Wilfred hajatia mguu. Usimpelekee Mwalimu Pastory, mpelekee mkuu wa chuo mkononi pamoja na barua yako, na kabla ya Jumatano. Katika barua hiyohiyo, ukurasa wa kwanza, andika kwamba uongo wa Alhamisi uliuingiza wewe. Ndiyo, wewe. Wakuadhibu kwa lako, wamwadhibu Wilfred kwa lake. Ukinyamaza wakakugundua, nani atayaamini hayo makaratasi?

Lakini kabla ya mkuu wa chuo, leo hii, nenda kwa Mama Marsiana. Usimwombe akutolee ushahidi, usimweleze habari za Wilfred. Mwambie, "Mama, ni mimi niliyekudanganya," kisha unyamaze, upokee atakachosema, hata akikumwagia hiyo chai. Ukitoka hapo, panda baiskeli mpaka kwenye ile hoteli ukamwambie mwenye hoteli kwamba kosa lilikuwa lako na si la mama huyo. Wakikataa kumrudisha, zunguka hoteli nyingine mpaka umpatie mteja. Una miguu ya kwenda Kasulu, ya kuzunguka mjini haiwezi kukushinda.

Na kufuta, usithubutu. Wachuuzi zaidi ya mia mbili hawajakukosea. Ukiifuta, Wilfred atakuwa amekuibia jina, na wewe utakuwa umewaibia wao riziki, halafu hapo usiniandikie tena, kwa sababu nitakuwa nawajibu wao.

Bi Yasmini, Ujiji