Namba Mbili Zilizompeleka Mkunga Bungeni

Nyumba Na. 9, Mtaa wa Kanisa,
Qala, Gozo.
14 Machi 1971

Mpendwa mpwa wangu Filumena,

Pokea salamu zangu za dhati. Natumaini wewe, mumeo na watoto mu wazima huko Melbourne. Sisi hatujambo, isipokuwa goti langu la kushoto, ambalo limekataa kabisa kupanda mlima wa kanisani.

Barua yako ilifika bila tarehe. Nilikufundisha mwenyewe, usirudie.

Umeniuliza kama ugombee udiwani, ilhali mama mkwe wako anakucheka na fomu zinafungwa mwisho wa mwezi ujao. Nitakujibu kwa habari za Bi. Mariroża Zerafa, mkunga wetu, aliyetangaza Jumamosi kwamba hatagombea tena ubunge. Mikono yake ndiyo iliyokupokea duniani.

Alipogombea mara ya kwanza, mwaka 1950, hakuna mwanamke wa kisiwa chetu cha Gozo aliyewahi kuthubutu. Alipita nyumba kwa nyumba na mkoba wake wa ukunga. Mbele ya klabu ya bendi ya muziki, wanaume wanapobarizi, Ċensu mwoka mikate alimpigia kelele, "Mama mkunga, bungeni kuna mimba gani?"

Akajibu bila kusimama, "Ya maneno! Miaka mitatu wanasukuma, hakijatoka kitu. Na wewe nyamaza, Ċensu, ulizaliwa ukitanguliza matako!"

Uniwie radhi, nimeandika kama alivyosema.

Ulihama ungali mdogo, kwa hiyo nikukumbushe: hapa mpiga kura huandika namba mbele ya majina, moja kwa amtakaye zaidi, mbili kwa anayefuata, na kuendelea. Daktari wa kijiji naye alikuwa akigombea. Kama waume wengine, nilimwagiza mke wangu Ġorġa, "Namba moja ni ya daktari."

"Sawa, mwalimu," akasema.

Sikutaja namba mbili. Hakuna mume aliyeitaja.

Nilikuwa wakala wa daktari kwenye chumba cha kuhesabia. Hesabu ya kwanza ilimpa Bi. Mariroża kura tisini na nne, tukacheka. Lakini daktari alipata kura nyingi kuliko zilizohitajika, na kwa sheria yetu ziada humwendea aliyepewa namba mbili. Karatasi zikapitiwa upya. Mbili, Zerafa. Mbili, Zerafa. Miandiko mbalimbali, mtu yule yule. Tukakoma kucheka.

Nyumbani nilimuuliza Ġorġa. Akasema, "Ulitaka daktari apite, kapita. Kosa langu liko wapi? Kunywa supu yako."

Siku hizo mjamzito mwenye matatizo alivushwa kwenda kisiwa kikubwa cha Malta kwa mashua, hata bahari ikichafuka. Alipoingia bungeni, Bi. Mariroża aliidai wodi ya uzazi ya Gozo kila mwaka, kwa sauti ile ile, pasipo matusi wala machozi, hadi ikajengwa. Sijapata kuona kazi iliyo safi kuliko hiyo.

Jumamosi nilikwenda kumkiria kwamba mwaka ule nilimpa namba ya mwisho kabisa. Akanishika mkono. "Usijali, mwalimu," akasema. "Mkeo alinitosha."

Basi gombea, mwanangu. Na fomu uijaze tarehe.

Nisalimie mumeo Twanny, watoto, na hata huyo mama mkwe. Ġorġa anakusalimu sana. Anasema ugonge milango waume wakiwa kazini.

Mungu akutangulie katika kila mlango.

Mjomba wako akupendaye daima,
Anġlu Refalo