Pombe ya Mupunga Niliyoionja Mbele ya Bazungu

Bukavu, Kadutu

Wabiwa, mudogo yangu,

Hodi mu nyumba yako. Ni mie yaya yako Lubala, kaka yako mukubwa, njo nakuandikia, na mukono wangu mwenyewe, si ule karani wa soko. Yule anaongezaka maneno mengi ya kitabu, mutu akisoma hajui tena ni nani anamusalimia. Uko muzima? Shemeji iko namna gani na goti lake, sasa mvua imeanza? Na mitungi yako ya kasiksi, ile pombe yetu ya ndizi, ingali inaita batu tangu ngambo ya muto? Mie niko muzima kabisa. Mikono inatetemeka kidogo asubuhi, lakini ikishika kisu inanyamaza.

Nimesikia ya kwamba bashoferi ya camion walikupelekea habari kuwa nimefukuzwa kazi. Ni uongo, lakini ni uongo uliopita karibu na kweli. Kaa chini nikuelezee.

Madame, bibi ya bwana agronome wangu, yule mukubwa wa mashamba ya serikali, alikuya siku moja mu cuisine, akaangalia mikono yangu wakati ninamimina mchuzi. Akasema: "Lubala, umezeeka. Siku ya Mungu, nyuma ya misa, tutapokea mugeni wa heshima. Ukimwaga hata tone moja, unarudi kwenu. Kuko kijana mumoja, amesoma kupika kwa masista."

Nikamujibu: "Madame, yule kijana alizaliwa mie niko napika tayari."

Akasema: "Ni ile ile njo nasema."

Sikulala muzuri, Wabiwa. Unajua namna nilitoka kwetu Mwenga. Nilisema mbele ya wote ya kwamba nitarudi siku nitakayotaka mie. Sasa nirudi na sanduku kichwani, nimefukuzwa juu ya tone la mchuzi? Wale wote niliowacheka wangekuya kunipokea, na wangekuya wakiimba.

Mugeni mwenyewe alikuwa Mujaponi. Usiniulize Japon iko wapi, iko mbali kupita Ulaya. Mutu mufupi, mupole, anakaa mu pori ya Kahuzi miezi yote anafuata ngila, wale nyani wakubwa sawa batu. Hapigi bunduki, anawaangalia tu na anaandika. Kiswahili alijifunza mu kitabu. Alifika mbele ya saa, na mu salon hakukaa. Alikuya moja kwa moja mu cuisine, chupa mukononi, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mzee."

Ile ni salamu ya bangwana, batu ya pwani, mudogo anamupa mukubwa. Tangu nipikie bazungu, miaka makumi mbili na kitu, hakuna mugeni wa meza yao aliyenisalimia vile. Nikaweka kisu chini.

Akasema: "Hii ni pombe ya kwetu, inaitwa sake. Tafadhali, ipashe moto kidogo. Lakini chupa isiguse moto."

Nikaifungua, nikaangalia. Nyeupe sawa maji ya muto, hakuna machicha hata kidogo. Nikamuambia: "Bwana, walikuibia. Pombe bila machicha ni pombe gani?"

Akacheka mpaka akashika meza. "Imechujwa, mzee. Nusa kwanza."

Nikanusa. Wabiwa, harufu ya ndizi mbivu! Ile ile inayotoka mu shimo siku unafunua ndizi zako. Nikasema: "Ah! Munatia ndizi ndani."

"Hapana, mzee. Ni mchele tu."

"Pua yangu ilizaliwa mu pombe, bwana. Kuko ndizi."

"Naapa, hakuna hata ndizi moja."

Tulibishana mpaka nyama ikaungua upande mumoja. Lakini alinieleza mambo yote, na mie nakueleza wewe, juu wewe njo fundi. Wanachukua mupunga, ule ule serikali inatulazimisha kulima, wanausugua mpaka unabakia moyo wake tu. Wanaupika na mvuke, haugusi maji. Halafu wanaumwagia ukungu. Ndiyo, ukungu! Ile kitu unatupa ikiota ku ugali wa juzi, kule wanaichunga sawa mutoto. Ile ukungu njo inafanya mupunga kuwa tamu, na utamu ukichacha unakuwa pombe. Inafanya ile kazi mtama wako wa kukaanga inafanyaka mu maji ya ndizi. Kwa hiyo usiseme bale batu ni bachafu. Nguvu yake inapita bia mara tatu, lakini haifiki ku whisky.

Kuipasha ni hivi. Unatia maji mu sufuria, unachemsha, unatoa ku moto, unasimamisha chupa ndani. Unagusa chupa na kidole. Kidole kikisema muzuri, ngoja kidogo. Kikisema basi, toa. Ikichemka, harufu yote inaenda kwa mapaa ya nyumba na wewe unabakia na maji makali.

Alipotaka kutoka alinipa vikombe vyake, vidogo sawa nusu ya yai, akasema: "Mzee, uilete mezani kama mnavyoleta pombe kwenu."

Wabiwa, umesikia? Kama kwenu. Alisema yeye mwenyewe, na mie nilitii.

Mu meza walikuwa Bwana, Madame, Mujaponi na bazungu bengine bawili. Nikaingia na plateau ya vikombe, jua la saa sita linaingia ku dirisha, na mikono yangu ilikuwa imenyamaza sawa mawe. Nikamimina kikombe cha kwanza, hakuna tone lililoanguka. Nikakiinua mbele ya macho yao wote. Nikakunywa mie. Nikageuza kikombe chini waone hakuna kitu kimebakia. Sawa vile baba alitufundisha: mwenye kuleta pombe anaionja wa kwanza, mugeni ajue hakuna sumu.

Madame akaruka. "Lubala! Mwizi! Ku meza yangu!"

Muzungu mumoja akasema mambo ya sheria, ya kwamba mutu mweusi na pombe kali haviende pamoja. Mie nilisimama pale pale.

Nikasema: "Madame, kila Siku ya Mungu Bwana anamimina divai kidogo mu verre yake, anaonja yeye wa kwanza, halafu ninamiminia bageni. Ninaona tangu nifike hapa. Yeye iko mwizi?"

Bwana akakohoa mu serviette. Nadhani alikuwa anacheka.

Madame akasema: "Omba pardon, ao utoke leo."

"Kwa nyama iliyoungua nitaomba pardon, Madame. Kwa hii, hapana."

Wote wakanyamaza. Nilikuwa nawaza njia ya Mwenga, mawe yake yote. Halafu Mujaponi akasimama, akashika chupa na mikono mibili, akajaza kile kikombe changu. Akasema: "Kwetu mtu hajimiminii mwenyewe. Humiminia mwenzake, na mwenzake humiminia yeye. Mzee amenionjea. Sasa ni zamu yangu."

Bwana akasema haraka haraka: "Basi akunywe, lakini mu cuisine."

"Vizuri," Mujaponi akasema. "Nami nitakunywa jikoni." Akachukua kikombe chake, akanifuata. Alikaa ku kasha ya makala, yale makaa ya jiko, na suruali yake nyeupe!

Pale njo alinifundisha kukunywa. Usimeze sawa mutu anayekimbia deni. Nusa, chukua kidogo, iache itembee ku ulimi, ngojea utamu upite na uchungu ukuye nyuma. Nilileta ndakala za chumvi, wale samaki wadogo wa kukausha. Ile pombe inapenda samaki kupita nyama. Nilimumiminia, akanimiminia. Na mpaka leo nasema kuko ndizi ndani.

Madame hakusema na mie siku tatu. Nilifunga sanduku langu, nikaliweka ku mulango, aone ya kwamba siogopi. Siku ya ine akakuya: "Lubala, Siku ya Mungu kuko bageni. Divai utaionja. Lakini hapa, mu cuisine, mbele ya kuileta."

Nikamuambia: "Hapana, Madame. Mwenye kuonja mu kificho, yule njo mwizi."

Aliniangalia sana. Akatoka. Nilikaza kamba ya sanduku.

Siku ya Mungu nikakuta plateau imepangwa. Mu meza kulikuwa batu bane. Verre zilikuwa tano. Ni Madame njo alizipanga, juu mie sikuwa nimegusa kitu.

Nikaingia, nikamimina, nikaonja. Nikawaambia: "Divai hii imeharibika." Madame akafunga macho. Bwana akachukua verre, akaonja, akakunja uso. Akasema: "Ni kweli. Lubala, lete ingine."

Nikaleta.

Unisalimie shemeji, shangazi yetu muzaa-mapacha, na capita wa kijiji, yule aliyesema sitamaliza mwaka mu muji. Katekista, mutoto wa mudogo yetu, atakusomea hii barua. Umuambie asome polepole, mbele ya batu wengi, na asiruke pahali bazungu wananyamaza.

Mungu akulinde pamoja na mitungi yako.

Ni mie yaya yako,
Lubala, mupishi, angali ku kazi