Mbao Tulizokunyima, Baba

Kumbukumbu ya Amoni Mwaisumo wa Kawetele, Tukuyu

Mwaka umetimia, Baba, tangu uanguke asubuhi ukipalilia chai na usiinuke tena. Wenzetu wanaotoa kumbukumbu kama hii huweka picha ya marehemu akiwa amevaa tai. Wewe tai ulikuwa nayo moja na uliichukia, kwa hiyo tumeweka ile picha uliyopigwa nyuma ya nyumba, randa mkononi, vumbi la mbao mpaka kwenye nyusi. Anayeandika ni mimi, Bupe, binti yako mkubwa, lakini maneno ni ya nyumba nzima. Tumeyasoma kwa sauti mbele ya Mama, na pale aliposema futa, tumefuta.

Tuanze na wema wako, maana huo hakuna anayebishana nao. Ulikuwa karani wa kupima majani ya chai, na wakulima wa Kyimo mpaka leo wanasema hukuwahi kumwibia mtu kwenye mizani. Bibi aliyechelewa na kikapu chake kwa sababu ya mvua ulimsubiri, hata dereva wa lori apige honi na kutukana. Ulimwuliza mtu habari za ng'ombe wake kabla ya habari za watoto wake, na Mama alikusema sana kwa hilo. Chai ulikunywa bila sukari, enzi zile za sukari ya kugawiwa na hata ilipojaa madukani, ukidai kwamba sukari inaficha makosa ya mpishi. Mpishi alikuwa Mama, na hilo pia alikusema.

Jioni na Jumamosi ulikuwa wetu. Ulikuwa na ugonjwa wa magitaa, Baba, hatuna jina jingine. Ulituambia kwamba ukiwa kijana ulimkuta fundi mmoja kule mpakani Kasumulu akitengeneza gitaa, ukasimama kumtazama mpaka akakufukuza, na ukarudi nyumbani ukiwa umeshaambukizwa. Ukatuambukiza na sisi.

Sheria yako ilikuwa moja tu. Hakuna mtoto wa nyumba hii atakayepewa gitaa. Atalitengeneza mwenyewe, siku mikono yake itakapoweza kuisukuma randa. Binti au mvulana, kwako ilikuwa sawa. Tulianza na mbao nyepesi za makasha ya chai yaliyovunjika. Vyuma vya shingoni tulikata kwenye spoki za baiskeli, nyuzi tukachomoa kwenye waya wa breki, na gundi ikishakuwa tayari tukafunga kila kitu kwa vipande vya mpira wa tairi mpaka kikauke. Majirani walipita wakicheka. Gitaa langu la kwanza lilikuwa na sauti ya kopo, na wewe ulilipiga kanisani kwenye mavuno bila haya yoyote.

Tukikosea hukutunyang'anya kifaa. Ulikalia mikono yako, kwa kweli uliikalia, kiganja chini ya paja hili na kiganja chini ya lile, ukatazama tunavyoharibu. Mwanao Elisha hakutaka kusubiri, akatengeneza lake kwa ubao mbichi. Ulimwambia mara moja tu, "Gwe Elisha, mti huu bado unakunywa maji," kisha ukaikalia mikono. Kiangazi kilipofika gitaa likapasuka mgongo mzima. Ulicheka mpaka ukajifuta machozi, halafu ukamletea ubao mwingine.

Baada ya hapo ndipo ulipopasua ule mti wa podo uliong'olewa na upepo shambani kwa Babu. Ulizipandisha mbao darini jikoni, juu ya moto, kwa kuwa Tukuyu yetu hii mvua haiachi kitu kikauke chenyewe. Ulisema mbele ya wote kwamba hizo ni za gitaa la mdogo wetu Tulinagwe, ambaye wakati huo alikuwa bado anabebwa mgongoni. Akawa anakua huku chini, na mbao zinakauka kule juu.

Miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, ikatukuta hapo. Vitu vikaja. Redio kaseti, mitumba, gundi nzuri ya chupa, nyuzi halisi kutoka Mbeya. Mimi niliona gitaa jekundu dukani, linang'aa, nikarudi nimenuna siku nzima. Uliniuliza, "Lile tayari lina mwenyewe, aliyelitengeneza. Wewe unataka la nani?" Mdogo wako, Baba Mdogo Ackson, aliingia kwenye biashara ya mbao na akafanikiwa, hatumwonei wivu. Kazini walipopunguza watu na wewe ukapunguzwa, yeye ndiye aliyekuja kukushauri ufungue karakana, watoto wawe vibarua wako, magitaa yapelekwe Mbeya. Ulimsikiliza vizuri. Kisha ukamjibu, "Ndizi nauza, chai nauza. Hiki nafanya na wanangu." Hukupandisha sauti, lakini mazungumzo yaliishia hapo.

Sasa tuseme lile ambalo watu wamelisema mwaka mzima bila kutuuliza.

Siku ya msiba wako, watu wakiwa wamejaa uwanjani, Baba Mdogo alisimama akaamuru mbao za darini zishushwe, mafundi watengeneze jeneza. Alisema, "Kaka yangu amezitunza miaka yote hii. Mtu azikwe kwa jasho lake. Zishusheni."

Wazee wakaitikia. Yalikuwa maneno mazuri, hata sisi tulisikia kwamba ni mazuri. Vijana wawili walikuwa wameshaingia jikoni. Mimi nikasimama mlangoni nikasema mbao zile ni za Tulinagwe.

"Tulinagwe ni mtoto," alisema Baba Mdogo. "Mtoto ana mbao?"

"Baba alimpa."

"Baba yako amelala pale, Bupe. Unamnyima baba yako mbao zake mwenyewe?"

Baba, swali lile bado liko masikioni mwangu. Uwanja mzima ulingoja nipishe njia. Tulinagwe alikuwa amesimama nyuma yangu, ameshika gauni langu. Na wewe ulikuwa umelala chumba cha pili, huwezi kuulizwa. Hapo Mama akazungumza pale mkekani alipokuwa amekaa, mjane ambaye hakuna aliyetegemea atazungumza. Alisema kwa Kinyakyusa, nasi tunaliandika hapa kwa Kiswahili ili wa mbali nao walielewe: "Shemeji, mbao zile zimekaushwa na moto wangu, na moshi wake nimeuvuta mimi. Mume wangu hakuzikausha ziende kaburini. Asizishushe mtu."

Basi hazikushushwa. Mzee Jairo, jirani yetu, akaenda kimya kimya akaleta mbao za saiprasi alizokuwa ameziweka kwa ajili ya mlango wake. Ndaga fijo, asante sana, Mzee Jairo, mlango wako tutautengeneza. Baba Mdogo alisema mafundi wake hawatagusa kazi ile, kwa hiyo tukaigusa sisi. Elisha alipima na kukata, mimi nikapiga randa, Tulinagwe akapiga msasa. Watu walisema haijawahi kuonekana, mabinti kutengeneza jeneza la baba yao. Sasa imeonekana. Tulikupigia msasa mpaka ndani, Baba, kule ambako hakuna wa kugusa ila wewe, na pembe zake zilikutana vizuri kuliko pembe za gitaa lolote tulilowahi kukuonyesha.

Tangu hapo tumesemwa sokoni, tumesemwa mtoni, tumesemwa hata na watu waliokula ugali wa msiba wetu. Kwamba watoto wa Amoni walimbania baba yao. Kwamba shule imewaharibu. Kwamba mbao zimepewa thamani kuliko mzazi. Wapo waliotushauri kwa upole tumwombe Baba Mdogo msamaha, tuchinje, yaishe.

Jibu letu ni hili, na tumelitolea gazetini ili lisifike kwa mtu likiwa limepindishwa. Ndiyo, tulikunyima. Tulifanya tukijua, tukiwa na akili zetu, na kesho tungefanya vilevile. Wanaosema hatukukupenda hawakuwahi kukuona umeikalia mikono yako.

Na wanaouliza mbao zimefanya nini, wasikie.

Tulizishusha wenyewe mvua za masika zilipopungua. Tulinagwe alichagua ubao wake kwa kuugonga na kuusikiliza, kama ulivyotufundisha. Alichora umbo, akakata, akachonga shingo. Ubavu wa kwanza aliukunja juu ya bomba la moto kwa haraka, ukavunjika. Alitoka nje akakaa kwenye migomba, na tulimsikia akikuita. Hatukumfuata. Mama alituzuia, akasema mwacheni amlilie baba yake. Aliporudi uso ulikuwa umevimba, akachukua ubao mwingine akauloweka. Elisha alinyoosha mkono amsaidie, akapigwa kofi la vidole. "Sogea," akamwambia kaka yake, "hili ni langu."

Ubavu wa pili ulivunjika pia. Wa tatu ulikunjika.

Lilipofungwa nyuzi tulikuwa wote jikoni. Si gitaa kamilifu. Shingo imeinama kidogo kushoto na kuna alama ya gundi karibu na tundu, ungeiona kabla hujakaa. Lakini Baba, lina sauti! Langu halijawahi kuwa na sauti ile, wala la Elisha, wala lako. Ni sauti nene, inakaa muda mrefu kabla ya kwisha, na ilipotoka mara ya kwanza Mama aliweka mwiko chini. Tulilia sote, tunalisema wazi, na Tulinagwe akaendelea kupiga huku analia kwa sababu alikuwa hajui wimbo zaidi ya mmoja na alitaka kuumaliza.

Juzi amesimama mtu kutoka mjini, ana pesa zake, akamwuliza gitaa hilo anauza kiasi gani. Kila kitu siku hizi kinauzwa, hakukosea kuuliza. Tulinagwe akamwambia atafute mbao atengeneze lake, na kama hajui kuanza, aje Jumamosi. Mtu yule alitutazama sisi wakubwa tumkemee mtoto. Hatukumkemea.

Ubao uliobaki tumeurudisha darini. Elisha anaoa mwakani.

Watu wanasema marehemu aheshimiwe. Tunakubali. Wewe ulitufundisha kwamba mbao ikikauka vizuri isiwekwe pasipo na mtu wa kuisikia. Podo ile ingekuwa chini ya udongo wa Kawetele sasa hivi, imeshaanza kuoza, tungekuwa tumesifiwa sana, na binti yako angekuwa na dukuduku ambalo hakuna wa kumtolea. Sisi tulichagua masengenyo.

Jumamosi hii baada ya ibada tutakuwa nyumbani. Tulinagwe atapiga, na sasa anajua nyimbo tatu. Waliotusema wanakaribishwa wakae mbele, wasikie walichotaka kukizika.

Unakumbukwa na mkeo Felista, ambaye moto wa jikoni hajauzima. Na wanao Bupe, Elisha na Tulinagwe. Na Tumpe, anayekuja kuwa mkwe wako na ameshapewa msasa. Na jirani yako Mzee Jairo, ambaye bado hana mlango. Unakumbukwa pia na mdogo wako Ackson. Yeye hajatusalimia tangu siku ile, na jina lake tumeliweka bila kumwomba ruhusa, kwa sababu tulimwona akilia kaburini na tunajua alikupenda.

Pumzika, Baba. Maisha yetu yote tutakuwa nawe mawazoni, na mbao zako hatuzirudishi.