Manjano Kwenye Skrini

Jumatatu, 7 Aprili

Asubuhi yote picha za harusi ya kijijini Wusi. Shela la bibi harusi linaonekana rangi ya chai ya maziwa. Naongeza buluu, shela linakuwa jeupe kwenye laptopu. Nachapisha, watu wanatoka na midomo ya zambarau kama wamekaa kwenye baridi. Natupa, naanza upya. Tangu Salim fundi anibadilishie skrini iliyopasuka, siiamini tena. Nimechoka. Leo nimetamani kufunga studio.

Habari njema ni moja tu. Mdogo wangu Wakesho ametoka kituo cha afya na mtoto wake wa kwanza, wa kiume. Wako nyumbani kwa mumewe, Kasigau. Sasa mimi ni mama mkubwa.

Jumanne, 8 Aprili

Salim amepita studio. Anasema skrini si mbovu. Laptopu bado inatumia profaili ya rangi ya skrini ya zamani. Kila skrini ina tabia yake, na profaili ndiyo inayoielekeza laptopu irekebishe wapi. Yangu inarekebisha makosa ya skrini ambayo imeshatupwa jaani. Ndiyo maana kila kitu kinavuta umanjano. Inahitaji kupimwa upya kwa kifaa chake. Binamu yake Mombasa anacho, atakituma kwa basi.

"Mpaka kije, dada, usiiamini rangi yoyote uionayo humo," akaniambia.

Mchana Wakesho ametuma picha za mtoto. Mzuri. Paji la uso ni la marehemu baba kabisa. Anataka nizitengeneze azitumie jamaa. Chini ameandika: "Dada, mbona ni kama ana manjano?"

Nikazifungua kwenye laptopu. Manjano kweli, kama lile shela. Kwenye simu pia niliona hivyo, nikasema ni pazia lao la rangi ya chungwa. Nikamjibu ni picha tu, nitayatoa.

Nikayatoa. Ngozi ikawa kahawia safi, mashavu yanang'aa. Nimejivunia kazi yangu.

Jumatano, 9 Aprili

Picha imezunguka ukoo mzima. Kila mtu anasifu. Mama mkwe wa Wakesho ameionyesha hadi kwa majirani.

Wakesho anasema mtoto analala sana, hata kunyonya anaamshwa. Nikamwambia ana bahati, naye alale.

Mvua kubwa tangu mchana.

Alhamisi, 10 Aprili

Nikikaa bure nitapata wazimu. Naandika.

Kifaa kilifika asubuhi. Kidogo, kama kipanya cha kompyuta. Salim akakilaza juu ya skrini. Rangi zikapita chini yake moja moja, nyekundu, kijani, kijivu, nacho kikazisoma. Mwishowe laptopu ikapata profaili mpya. Nikafungua picha za harusi. Shela jeupe. Nilicheka kwa sauti.

Kisha nikafungua picha ya mtoto, ile ya awali ambayo sikuigusa. Taulo alilofunikwa lilikuwa jeupe pepe. Kucha za Wakesho, aliyemshika, zilikuwa na rangi yake ya kawaida. Mtoto alikuwa manjano.

Nikaikuza. Jicho moja lilikuwa wazi kidogo. Weupe wa jicho ulikuwa kama maji ya manjano.

Salim alisimama nyuma yangu. Akasema, "Mpigie nduguyo."

Simu haikupatikana. Nikapiga tena na tena. Nilipompata, nikamwambia ampeleke mtoto dirishani, amtazame macho. Nikasikia mama mkwe akisema mtoto anaota jua kila asubuhi, yataisha. Kisha Wakesho akarudi kwenye simu.

"Ni manjano, dada. Lakini ulisema ni picha."

Nikamwambia waje hospitali hapa Voi sasa hivi.

Mwakio, mumewe, ametafuta gari. Mwenye pikapu ya nyanya amekubali, lakini barabara imeharibika kwa mvua. Wameondoka. Simu imekatika tena. Ilifaa nimwambie tangu Jumanne ampeleke hospitali. Badala yake nilimpaka mtoto rangi ya afya.

Naogopa. Naenda kuwasubiri langoni mwa hospitali.

Ijumaa, 11 Aprili

Walifika jana jioni wamejaa matope. Pikapu ilikwama, Mwakio na dereva wakasukuma. Mama mkwe alikuja pia, amembeba mtoto kifuani ndani ya leso yake ya kujifunga. Daktari alimbonyeza kwa kidole kwenye paji la uso, akatazama rangi ya ngozi alipoachia. Damu ikatolewa. Mtoto hakulia alipochomwa sindano. Hilo ndilo lililonitisha zaidi.

Daktari anasema umanjano umepanda sana. Wangechelewa zaidi ungeweza kudhuru ubongo. Huenda wakambadilisha damu, kwanza wajaribu mwanga.

Yuko chini ya taa za buluu, uchi na nepi tu, macho yamefunikwa. Wakesho hanitazami. Nilimwambia anisamehe. Alisema, "Si sasa." Ana haki.

Jumamosi, 12 Aprili

Damu imepimwa tena. Umanjano umeshuka, kidogo. Hawatambadilisha damu. Muuguzi anasema tungoje.

Mwenye harusi amepiga simu kuulizia albamu. Nimezima simu.

Jumapili, 13 Aprili

Umanjano umeshuka vizuri. Asubuhi mtoto alilia njaa, kilio cha hasira, wodi nzima ikageuka. Mama mkwe akasema, "Huyo sasa ni mtu." Alituletea uji, akanimiminia mimi kwanza.

Wakesho alipokwenda kuoga alinipa mtoto. Mwepesi sana. Nilikaa naye karibu na dirisha. Alifungua macho, akanitazama kidogo, akayafumba. Sikupiga picha. Nilimshika mpaka mamake aliporudi, akaketi kando yangu, bega kwa bega.