Saa Nane Kamili

Chumba cha nyuma,
Nyumbani.
Jumapili, 9 Agosti.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Hujambo wewe na lile goti lako? Bibi bado anakataa miwani? Sisi huku tu wazima wa mwili. Mengine nayaanza na jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata Mama: ile aibu ya zege iliyompata Baba kazini Jumanne, niliipanga mimi.

Unamjua Baba, huyo mdogo wako. Tangu asomee uhandisi, hakuna kitu humu ndani kilichopona pimamaji lake. Picha za ukutani, kitanda changu, hata keki ya Mama iliwekewa pimamaji ikaonekana imelalia kushoto. Mama huwa anacheka. Na mimi nilikuwa nacheka, mpaka mwezi uliopita.

Nilimwandikia Baba barua, maana mbele yake ulimi wangu hugeuka jiwe. Nilimwomba aniruhusu nisome lugha, si fizikia. Akanirudishia imejaa wino mwekundu: "Vipimo viko wapi? Mzigo huu unabebwa na nguzo ipi?" Kisha akawasomea wenzake wa kazini waliokuja kula. "Hebu msikieni mshairi wangu," akasema. Wakacheka hadi mmoja akapaliwa, na mimi ndiye niliyetumwa kumletea maji.

Nilimletea, nikasimama pale na jagi mkononi, nikaapa moyoni.

Jumatatu Baba alikuwa na maagizo ya kumwaga, kesho yake, zege la sakafu ya karakana yao mpya, na mkurugenzi angekuwepo. Alikuwa ameyaandika kwa lugha ya ofisini, ambayo fundi mkuu haisomi. Akanitupia karatasi. "Si unataka lugha? Haya, tafsiri." Palikuwa na 8:00, asubuhi. Nilijua fika kwamba ni saa mbili. Nikaandika: saa nane kamili. Naye akatia sahihi bila kusoma, mtu anayepima keki. Kumbe maneno ndiyo kitu pekee asichoona haja ya kukipima.

Jumanne lori lilifika saa mbili asubuhi. Fundi hayupo, vibarua hawapo, zege linaganda tumboni mwa lori, mkurugenzi anaangalia saa. Baba alimsimulia Mama kwa sauti ya chini kwamba aliulizwa mbele ya dereva na walinzi: "Mhandisi, hiyo saa yako umeipima kwa timazi?" Mimi nilikuwa jikoni naosha vyombo. Sahani moja niliisuuza mara tatu nisije nikakosa hata neno. Kwa hilo, Shangazi, sijuti, na sitaki kukudanganya kwamba najuta.

Lakini fundi amefukuzwa. Jana alikuja getini akanipa ile karatasi, ameikunja mara nne. "Huu mwandiko ni wako, mwanangu," akasema. "Nilimwambia bosi macho yangu yamezeeka, nilisoma vibaya. Wewe soma tu." Macho yake hayana kasoro yoyote. Jiwe nililomrushia Baba limempata yeye, na akalificha mfukoni ili nisionekane.

Nilitaka karatasi hiyo nikutumie wewe, umpigie simu mdogo wako, kwa sababu wewe tu ndiye ukisema naye ananyamaza. Ila hata huko ni kujificha, nyuma ya kanga yako.

Sasa nasikia hatua za Baba ukumbini. Aliwahi kuzipima: sentimita sabini na tano kila moja. Siku zote, ikifika ya nne, ninachoandika huwa kimeshaingia chini ya godoro. Barua hii inabaki mezani, na karatasi ya fundi iko juu yake, sahihi ya Baba inautazama mlango. Kalamu nyekundu nimemwekea pembeni. Asome. Akiniuliza tena mzigo unabebwa na nguzo ipi, nitamjibu: fundi.

Nisalimie Bibi na mabinamu wote, na yule mdogo mwambie kitabu chake ninacho. Mungu akupe goti jipya na maisha marefu.

Amegusa kitasa.

Mimi nikupendaye bila vipimo,
Mtafsiri wa Baba.