Kisima Nilichowachagulia

Lindi, Jumatano

Chumvi. Nimepiga mswaki mara mbili na bado naisikia ulimini.

Asubuhi nilikwenda Mchinga kupima kisima ambacho mimi mwenyewe niliwaonyesha wanakijiji pa kuchimba mwaka juzi. Walichimba kwa mikono yao, kwa sababu mimi, profesa wa maji, nilisema bahari haitafika hapo. Leo kifaa cha kupimia chumvi kilisoma juu mno, nikadhani kimeharibika. Bi Somoe, mwenyekiti wa kamati ya maji, akanichotea kikombe.

"Onja, mwanangu. Sisi twapikia wali bila kutia chumvi."

Nilionja. Sikuweza kumeza.

Na dalili niliziona tangu mwanzo. Vipimo viwili vya kiangazi vilikuwa vibaya, nikaviacha nje ya makala yangu ya utafiti kuhusu maji ya pwani hii kwa kuwa viliharibu hoja yangu. Makala hiyo ndiyo iliyonipa uprofesa.

Nilimwambia yote palepale kisimani. Nilitaka anitukane. Yeye akauliza, "Sasa tuchimbe wapi?"

"Sijui, Bi Somoe."

"Neno hilo ungetuambia siku ile."

Akajitwika ndoo tupu, akaenda kutafuta maji kwingine.

Jioni nimewaandikia wahariri wa jarida waiondoe makala. Nimeshatuma. Mkuu wa idara atapiga simu kesho.

Lakini simu hiyo siiogopi kama Ijumaa. Kabla hajaondoka kisimani nilimwahidi Bi Somoe kwamba watu wakitoka msikitini nitasimama mbele yao, niyaseme haya mwenyewe.